P0420 kwenye Fielder: fundi ataka kukata konveta achomelee bomba tupu. Nimkubalie?

Mtongwe_Kwetu (mleta uzi)

Salaam aleikum wadau wa magari, hasa nyinyi wa Pwani.

Nina gari, Toyota Fielder ya 2012, injini ya 1500, petroli. Lilishuka Kilindini likiwa na kilomita elfu tisini na kitu, sasa lakaribia 160,000. Taa ya injini iliwaka, nikalipeleka gereji moja mjini. Wakapiga mashine, kodi (namba ya kosa) ikatoka P0420, yaani konveta haisafishi ipasavyo. Fundi hakufungua hata boneti. Akaniambia konveta, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, imekufa kwa joto, magari haya yameundiwa baridi ya Japani, hapa Mombasa hayadumu. Dawa yake ni kuikata, achomelee bomba tupu, na kodi ataifuta. Bei aliyonitajia ni ya chini mpaka nikaingiwa na shaka, maana huyu si mtu wa kufanya kazi ya sadaka.

Mjini lavuta vizuri. Nikipanda Mazeras na watu watano na mizigo, lazidiwa. Asubuhi nikiliwasha latetemeka, halafu latulia. Oili yapungua, si sana, lakini kabla ya sevisi huwa naongeza.

Nauliza: konveta huungua kweli kwa joto? Na ikishaungua, kukata ndiyo dawa?


Baba_Probox

Kata yakhe, usijisumbue. Langu halina konveta tangu nilinunue na kila siku niko barabara ya Mtwapa.


FundiMakupa

Baba Probox, lako twalisikia likiwa bado Kiembeni.

Mleta uzi, shaka yako iko mahali pake. Ndani ya konveta mna platinamu, paladiamu na rodiamu. Kwa gari dogo ni gramu chache tu, lakini mwaka 2021 rodiamu ilivuka dola 20,000 kwa aunsi moja. Bei imeshuka sana tangu wakati huo, ila wanunuzi wa masega (ile kauri ya ndani ya konveta yenye madini hayo) hawajaacha kupita gereji hadi gereji. Ukiiacha konveta yako pale, fundi kashalipwa. Kwa hivyo hata ukiamua kuitoa, ondoka nayo mkononi.

La pili, hiyo kodi imekutajia maiti, haijakutajia aliyeua. Mara chache konveta hufa yenyewe. Kutetemeka asubuhi, oili kupungua, kuzidiwa mlimani, hayo matatu ndiyo ningeanza nayo. Umebadilisha plagi lini? Na hebu lala chini ya gari, tazama maungio ya bomba la ekzosi kati ya injini na konveta. Kuna alama nyeusi za moshi?


Mtongwe_Kwetu

Plagi sijabadilisha tangu nilinunue. Za chini nitatazama Jumamosi inshallah.


FundiMakupa

Haya. Usikubali mtu akate chochote kabla ya hapo.


Mkemia_wa_Tudor

Nimefurahi swali limeulizwa vizuri, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Asiye na subira aruke.

Joto huua konveta, hilo ni kweli kabisa. Lakini si joto la jua. Hewa ya Mombasa mwezi wa Machi ni nyuzi 32 au 33. Konveta ikiwa kazini huwa kati ya nyuzi 400 na 800, na chini ya 250 hivi haijaanza hata kusafisha kitu. Tofauti ya hewa ya hapa na ya Japani haina uzito wowote mbele ya nyuzi mia nane. Huyo fundi wako ametafuta kisingizio kilicho karibu.

Sasa tuingie ndani. Ndani ya lile ganda la chuma mna sega la kauri inayoitwa kordiraiti, mchanganyiko wa magnesiamu, aluminiamu na silika. Ilichaguliwa kwa sababu ikipata moto haitanuki kiasi cha maana, kwa hivyo haipasuki ovyo. Kuta za vile vitundu zimepakwa tabaka la alumina (oksidi ya aluminiamu) lenye vinyweleo vingi mno: gramu moja ya alumina hiyo ina eneo la zaidi ya mita za mraba 100. Juu ya eneo hilo ndipo zilipotawanywa chembe za yale madini ya thamani, kila chembe nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Pamoja nazo kuna oksidi ya seriamu iliyochanganywa na zirkoniamu. Kazi yake ni kuweka akiba ya oksijeni: inayapokea ya ziada wakati injini inachoma kwa hewa nyingi, na kuyatoa wakati mafuta yamezidi. Bila akiba hiyo, kaboni monoksidi na oksidi za naitrojeni haziwezi kusafishwa vizuri kwa pamoja.

Joto likipita kiasi, la kwanza kuharibika ni zile chembe. Hazikai zilipowekwa. Zinatambaa, zinakutana, zinaungana, na chembe ya nanomita tatu inakuwa ya thelathini, ya hamsini, hata zaidi. Ukipima uzito madini yote yapo, hakuna yaliyopotea. Lakini gesi hugusa nje ya chembe tu, na atomi zilizofunikwa ndani hazina kazi tena. Ndiyo sababu mnunuzi wa masega bado anaitaka konveta iliyokufa: kwake yeye madini ni yale yale.

Halafu alumina yenyewe. Ikifika nyuzi 1000 hadi 1100 inageuka umbo, na lile eneo la mita mia na zaidi linashuka chini ya kumi. Vinyweleo vinajifunga na chembe za madini zinazikwa humo. Watengenezaji huongeza lanthanamu au bariamu ili kulichelewesha jambo hilo, na wamefanikiwa sana, lakini wamelichelewesha tu, hawajalizuia.

Rodiamu ina udhaifu wake peke yake. Ikiwa moto sana na gesi imejaa oksijeni, inazama ndani ya alumina. Hali hiyo hutokea ukiwa kasi na injini imepata moto, kisha unainua mguu ghafla na kompyuta inakata mafuta: hewa tupu inapita juu ya konveta iliyo nyekundu. Kwenye baadhi ya magari kompyuta inakataa kukata mafuta kama inaona konveta imepata moto kupita kiasi. Si upumbavu wa kompyuta, ni kuilinda rodiamu.

Na hii P0420. Kompyuta ya gari haina kifaa cha kupima sumu kwenye ekzosi. Inazo sensa mbili za oksijeni, moja kabla ya konveta na moja baada. Ya mbele, kama ni ya aina ya kawaida, hupanda na kushuka muda wote kati ya volti 0.1 na 0.9. Ya nyuma inatakiwa itulie kwenye 0.6 au 0.7 hivi, kwa sababu akiba ya oksijeni imemeza ule mpandoshuko. Ya nyuma ikianza kufuata ya mbele, kompyuta inahukumu kwamba akiba imekwisha. Kwa hivyo kinachopimwa hasa ni ile seriamu. Na bomba likivuja karibu na sensa, hukumu hiyo inaweza kutoka hata kama konveta ni nzima.


Dada_Nyali

Maalim, nakuelewa, lakini mimi nashinda foleni ya feri Likoni, injini inanguruma, AC imewashwa, na joto lapanda kutoka chini mpaka miguuni. Wasema hilo halina neno?


Mkemia_wa_Tudor

Kwa konveta, halina neno ikiwa injini ni nzima. Injini ikinguruma bila kuvuta hutoa gesi kidogo na konveta hupoa kuliko ikiwa safarini. Joto unalolisikia ni la redieta na la bomba lisilopata upepo. Linaloumia hapo ni raba, nyaya na betri. Konveta hufa barabara ya Nairobi, si kwenye foleni. Isipokuwa injini inamisi, yaani silinda inaruka bila kuwasha petroli yake. Hapo hufa popote.

Kuna hesabu moja ninayoipenda. Marekani na Ulaya zina kanuni ya kuzeesha konveta haraka kwenye mashine ya maabara, ili mtengenezaji asilazimike kuendesha gari kilomita laki moja na sitini elfu, ambayo ndiyo Euro 5, kiwango cha moshi cha Ulaya, inataka vifaa vya kudhibiti moshi vihimili. Kanuni hiyo hubadilisha saa za joto moja kuwa saa za joto jingine. Ukiweka namba zake, kupanda kutoka nyuzi 800 hadi 900 kunazeesha mara nne kwa kasi. Kutoka 800 hadi 1000, mara kumi na tatu. Yaani saa moja kwenye nyuzi elfu ni kama saa kumi na tatu kwenye mia nane. Ndiyo maana kilomita pekee hazikuambii kitu. Magari mawili yenye kilomita sawa, moja limeendeshwa likiwa zima na jingine limemisi miezi miwili, konveta zake si rika moja hata kidogo.


Mzee_wa_Majengo

Nyinyi vijana mwasema kukata kana kwamba ni ujinga uliozuka jana. Enzi ya petroli yenye madini ya risasi kukata kulikuwa na maana. Gari laja na konveta kutoka Japani, walijaza petroli ya hapa, na risasi inakwenda kuyafunika yale madini mpaka konveta yaziba. Tulikuwa twaitoa kwa nia njema. Baada ya Azimio la Dakar la 2001 nchi zetu zikakubaliana kuacha risasi, na kufikia 2006 imekwisha kwenye pampu. Kiwanda cha Changamwe nacho hakisafishi mafuta ghafi tangu 2013, petroli yote yaja imeshasafishwa. Mazoea ya kukata ndiyo yamebaki bila sababu yake.


Baba_Probox

Mzee shikamoo. Lakini konveta mpya ni bei gani? Hilo hamlisemi.


Mzee_wa_Majengo

Marahaba. Bei utaambiwa na fundi. Mimi nilikuwa nasema kwa nini mwakata.


FundiMakupa

Bei tutaifikia. Kwanza nimalizie alipoachia Mkemia, maana yeye kasema nyuzi elfu zaua, hajasema zatoka wapi. Injini nzima haifikishi konveta nyuzi elfu kwa mwendo wa kawaida. Kuna kitu lazima kizidishe moto, na karibu kila mara ni petroli isiyochomwa.

Silinda moja ikimisi, petroli yake na hewa yake zatoka vilevile zilivyoingia, zaenda kuungua ndani ya konveta. Konveta yawa ndiyo chumba cha moto. Ndani ya dakika chache kwenye mlima sega laweza kung'aa jekundu, na likiendelea layeyuka. Kordiraiti huyeyuka kwenye nyuzi 1450 hivi, sasa fikirieni moto uliomo mle. Kitabu cha gari kinasema, ila hakisomwi: taa ya injini ikiwaka ikatulia, nenda kapimwe ukipata nafasi. Ikiwa yawaka na kuzima, yawaka na kuzima, hapo injini inamisi kiasi cha kuiharibu konveta sasa hivi. Punguza mwendo, toka barabarani. Watu wakiiona taa yapepesa huongeza gia wafike nyumbani haraka.

Halafu sisi mafundi wenyewe. Gari laja linamisi, fundi achomoa waya wa plagi mmoja mmoja injini ikiwaka, asikilize ni silinda gani. Kila akichomoa, petroli ya silinda hiyo yamwagika moja kwa moja kwenye konveta. Chomoa soketi ya injekta, ile inayopulizia petroli, badala yake. Utajua silinda ile ile na hakuna petroli inayopita. Sawa na gari lililokufa betri likasukumwa au likapigwa stata robo saa. Likiwaka, konveta imeshajaa petroli ya kuungua.

La Pwani hasa, na hili sikulisikia kwa fundi wa bara, ni kutu. Chumvi ya bahari haili ganda la konveta, lile ni chuma kisichoshika kutu kirahisi. Yala flenji (maungio ya bomba), bolti na kile kibati cha kukinga joto. Flenji ikishalika, ekzosi yavuja. Watu wadhani ekzosi ikivuja gesi yatoka nje tu. La. Kila silinda ikitema, nyuma yake kuna mvuto, na hewa ya nje yaingia kwenye ule mwanya. Ikiwa mwanya uko kabla ya sensa ya mbele, sensa yaona oksijeni nyingi, yaiambia kompyuta petroli imepungua, kompyuta yaongeza petroli. Sasa una petroli iliyozidi na hewa iliyoingia kwa mlango wa nyuma, zote zakutana wapi? Kwenye konveta. Magari ya Nyali na Bamburi yaliyolala ufukweni miaka mingi, hilo naliona sana. Na dawa yake ni gasketi na bolti mbili.

Mafuta ya kuchakachua nayo yamo. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa haichomeki ipasavyo, plagi zapata masizi, injini yamisi. Tangu 2018 serikali ilipoweka ile tozo ya shilingi 18 kwa lita juu ya mafuta ya taa, faida ya kuchanganya imepungua, ila pampu zingine mimi sinywi chai karibu nazo.


Dada_Nyali

Hiyo ya flenji imenigusa. Gari langu hulia puf puf asubuhi, nikaambiwa ni kawaida.


FundiMakupa

Si kawaida dada. Lilete, au mpelekee fundi wako amwagie maji ya sabuni kwenye maungio injini ikiwa bado baridi na imetoka tu kuwaka. Mapovu yatakuonyesha.


Mtongwe_Kwetu

Nimerudi wadau. Nilikwenda kwa fundi mwengine, Changamwe, mtu mzima, akaniuliza maswali kabla ya kushika spana. Naeleza alichofanya kwa sababu sikuwahi kukiona.

Kwanza alisoma kumbukumbu yote ya kompyuta, si kodi iliyowasha taa pekee. Ikatoka P0303 ikiwa imejificha, kumisi kwa silinda ya tatu. Akang'oa koili ya tatu, ile inayoipa plagi umeme, ina ufa mwembamba kwenye mpira wake, na ndani ya ufa mna mstari mweupe wa umeme uliokuwa ukitorokea pembeni. Plagi zote nne zimelika, mwanya wake mkubwa kuliko inavyotakiwa.

Pili, akafungua sensa ya oksijeni ya mbele, akaweka geji ya presha mahali pake. Injini ikinguruma sindano ilikaa karibu na paundi 2 kwa inchi ya mraba. Akaipandisha mizunguko 2500, ikapita 5. Akasema hapo haitakiwi kuzidi 3. Ekzosi imekabwa, ndiyo maana mlimani gari lazidiwa.

Tatu, akapitisha kamera ya waya kwenye tundu lile lile, tukatazama kwenye simu. Nusu ya uso wa sega iko sawa, vitundu vya mraba vimejipanga, rangi ya udongo mkavu. Nusu ya pili hakuna vitundu. Vimeyeyuka vikashikana, vinang'aa, na katikati pamebonyea. Mimi si fundi lakini pale sikuhitaji kufafanuliwa.

Na flenji ina masizi meusi upande mmoja, FundiMakupa.


FundiMakupa

Basi umepata jibu lako lote. Koili imeua konveta, gasketi imesaidia. Yule wa kwanza angekukatia konveta, angekuachia koili mbovu na petroli yaendelea kumwagika.


Mkemia_wa_Tudor

Nusu iliyoyeyuka inaniambia ilikuwa kumisi kwa nguvu, si uzee wa polepole. Uzee wa joto la kawaida hauonekani kwa jicho. Sega linabaki zuri, vitundu viko wazi, presha iko sawa, na bado konveta imekufa kwa sababu chembe zimeungana ndani ya alumina. Kamera ikionyesha sega zuri isikudanganye.

Na ile oili unayoongeza usiisahau. Oili ina zinki na fosforasi, zimewekwa makusudi kulinda vyuma visisagane. Inayopita ringi au sili za valvu ikaungua, fosforasi yake inakwenda kukaa sehemu ya mbele ya sega. Inaungana na seriamu, na seriamu iliyofungwa na fosforasi haiweki tena akiba ya oksijeni. Sumu huanzia mbele na kusogea nyuma, joto huharibu pale moto ulipowaka zaidi. Wanaochambua konveta zilizokufa hukata sega vipande na kupima kila kipande, ndipo wakajua ni kipi kilichoua. Salfa nayo hukalia madini, ila ni nafuu zaidi: joto la safari ndefu huiondoa kwa sehemu kubwa. 


Baba_Probox

Kuna dawa ya chupa yatiwa kwenye tangi, yasema husafisha konveta. Nimeiona madukani Mwembe Tayari. Si atie hiyo tu?


Mkemia_wa_Tudor

Kama konveta ina masizi juujuu, dawa inaweza kusaidia kidogo, na safari ya Voi kwenda na kurudi ingefanya kazi hiyo hiyo. Chembe zilizoungana hakuna chupa ya dukani itakayozitenganisha. Kauri iliyoyeyuka ndiyo kabisa. Daihatsu walitangaza mwaka 2002 kichocheo ambacho paladiamu yake huingia ndani ya fuwele ya madini na kutoka tena kadiri gesi inavyobadilika, ili chembe zisikue. Hiyo ilikuwa kwenye muundo wa konveta yenyewe tangu kiwandani. Haitiwi kwenye tangi.


Mtongwe_Kwetu

Koili na plagi nimeshabadilisha, gasketi pia. Kutetemeka kumeisha. Sasa konveta: fundi ananipa njia mbili, iliyotumika kutoka Japani au mpya isiyo ya kampuni ya gari. Nisaidieni hapo.


FundiMakupa

Bei sitaitaja hapa maana kila wiki yabadilika na kila duka lina uso wake, lakini mpya ya kampuni yenyewe huenda ikakaribia robo ya bei ya gari la umri huo, kwa hivyo sikulaumu kwa kutoifikiria.

Iliyotumika kutoka Japani ni nzuri ukiijua. Usinunue iliyofungwa kwenye gunia. Itazame kwa tochi pande zote mbili, mwanga utoke upande wa pili kwenye kila kona. Itikise, isilie. Namba iliyopigwa kwenye ganda ilingane na ya kwako. Halafu kumbuka alichosema Mkemia: macho hayaoni chembe. Muuzaji anayekubali kuirudisha baada ya wiki mbili taa ikiwaka, huyo ndiye wa kununua kwake hata akiwa ghali kidogo.

Mpya za bei nafuu, sikatai, nazifunga. Lakini nyingi zina madini machache na seriamu haba. Zafuta taa kwa muda, halafu P0420 yarudi. Tena hizo zikipata joto huzeeka haraka kuliko ya kiwandani iliyokwisha nusu ya maisha. Ukiwa na uwezo wa kungoja, ngoja ya Japani.

Ila usifunge yoyote kabla hujajua oili yaenda wapi. Pima kompresheni (mgandamizo wa silinda), tazama sili za valvu. Ukifunga konveta juu ya injini inayokula oili, umenunua nyingine tayari.


Baba_Probox

Na ule mtindo wa kuweka spesa kwenye sensa ya nyuma? Bei yake ni ya soda na taa haiwaki.


FundiMakupa

Spesa yaisogeza sensa nje ya njia ya gesi, isione vizuri. Konveta iliyoziba yabaki imeziba, gari labaki likizidiwa Mazeras. Kwa konveta iliyozeeka tu bila kuziba, gari litakwenda, ndiyo, na moshi utakaotoka ni wa kuwapulizia wanaokaa nyuma yako kwenye foleni. Tena kwenye magari mengi sensa ya nyuma yaisaidia kompyuta kurekebisha petroli. Ukiidanganya, kompyuta yakosa msaada huo.

Baba Probox, lako lanuka petroli ndani, mnapokaa?


Baba_Probox

Kidogo. Nilidhani ni mkebe wa nyuma.


Mzee_wa_Majengo

Macho yawasha ukisimama foleni?


Baba_Probox

Mzee sasa mwanitisha.


Mkemia_wa_Tudor

Hatukutishi. Kaboni monoksidi haina harufu. Unachokinusa ni petroli isiyoungua, na hiyo inakwambia kuna mwanya wa gesi kuingia ndani ya gari. Ziba mianya ya sakafu na mlango wa nyuma leo, konveta utaifikiria baadaye.


Dada_Nyali

Swali la mwisho kabla uzi haujafungwa. Masika ikija, maji hujaa njiani kwetu mpaka nusu ya tairi. Konveta ya moto ikiingia majini hupasuka?


FundiMakupa

Yaweza. Kordiraiti yastahimili moto na baridi kuliko kauri nyingi, lakini si kutoka nyuzi mia saba hadi maji ya mtaro kwa sekunde moja. Na kile kitambaa cha madini kinachoshika sega ndani ya ganda kikiloa na kuchakaa, sega laanza kucheza. Kabla ya maji, simama dakika kadhaa injini ikinguruma, konveta ipoe, halafu pita taratibu kwa gia ya kwanza bila kukanyaga. Ukifika ng'ambo ukasikia chakacha chini ya gari, subiri ipoe kabisa, igonge kwa ngumi au nyundo ya mpira. Ikilia kwa ndani, sega limeachana na ganda. Usiendelee nalo hivyo, litajisaga lenyewe mpaka vipande vizibe bomba la nyuma.